Siku ya mushahara, familia yote ikae mezani

Mu Kolwezi, mu Likasi na mu Lubumbashi, siku ya mushahara haihitaji mutu wa kuitangaza. Mistari mbele ya mashini za banki inaitangaza. Mwenye duka, mwenye kupitapita mbele ya nyumba na kitabu chake cha madeni, anaitangaza. Na kufika magaribi, meza za nganda zinaitangaza mara ya mwisho: wanaume na wanaume, salopeti ingali ku mwili, chupa mbele, nyama ya mbuzi ya kuchoma katikati. Ku nyumba, mama na watoto wanangojea kile chenye kitabakia.

Leo tunataka kusema juu ya jambo lenye wengine wataona ni dogo: baba wa familia kutoka na bibi yake na watoto, siku moja, kwenda kukula ku restora ya Walebanoni, wale wenye watu wa kwetu wanaita ba Libanais. Tunajua kuko musomaji atasema: «Bei ya kobalti inatusumbua, wafanyakazi wanafukuzwa, na ninyi munatuletea mambo ya chawarma?» Ndiyo, tunaleta. Juu mu ile sahani kuko mambo ya mushahara, kuko mambo ya heshima, kuko na namna baba na mama wanapanga nyumba yao. Hayo yote ni mambo ya mutu wa mine.

Juu ya nini tunachagua ile restora na si ingine? Juu njo ile yenye iko karibu na sisi, na iko mbali vilevile. Tangu miaka mingi Walebanoni wako mu biashara ya miji yetu: maduka, mikate, restora. Kijana wa mine anawajua kwa dirisha. Anatoka ku posti ya usiku, anatoa franga, wanamupa nyama na salata ndani ya mukate, anakula akitembea. Lakini ndani, kwenye meza na viti, hajaingia na bibi yake hata siku moja. Dirisha tunalijua, meza hatuijui.

Tukumbushe kwanza ginsi chakula kilikuwa kinafika mu nyumba ya mutu wa mine. Union Minière iliundwa mu 1906, na mu makambi yake mufanyakazi hakuwa anapewa franga peke yake. Alikuwa anapewa posho: bunga, maharagi, samaki, mafuta, chumvi. Ilikuwa inapimwa kufuata hesabu ya midomo yenye iko mu nyumba. Mutoto akizaliwa, anaandikwa, na posho inaongezeka. Kisha 1967, wakati sosiete ilikuwa mali ya serikali na kufika kuitwa Gécamines, ile desturi iliendelea miaka mingi. Wazee wetu wa makambi wangali wanaielezea na machozi kidogo ku macho.

Posho ilikuwa na pande mbili. Upande mubaya: sosiete njo ilikuwa inachagua kile utakula, na mutu mukubwa alikuwa analishwa sawa mutoto. Tena ku wakati wa Wabelgiji, restora za mujini Élisabethville zilikuwa za Wazungu. Mutu mweusi alikuwa na saa yake ya kurudi ku cité, na kukaa ku meza ile halikuwa jambo la kufikiria. Upande muzuri: posho ilikuwa inaonekana. Mama alikuwa anaona mufuko wa bunga, anajua umejaa ao umepunguka. Hakuna mwanaume alikuwa anaweza kuficha kilo makumi tano za bunga ndani ya mufuko wa suruali.

Gécamines ilianguka mu miaka ya 1990. Miezi ilipita bila mushahara. Mu 2003, kwa mupango wenye Banki ya Dunia ilisaidia, wafanyakazi zaidi ya 10 000 walipewa franga za mwisho, wakaenda. Sosiete zenye zilikuja kisha zilifanya namna ingine: zinatuma makuta ku konti ya banki. Njo hapa jambo letu linaanzia. Posho ilikuwa inaingia kwa mulango wa mbele, na mama anaiona. Mushahara wa leo unaingia mu telefone ya baba, na mama hauoni. Anaona tu kile baba anaamua kutoa, kidogo kidogo, na mara ingine na hasira.

Familia moja ya Kolwezi ilitueleza namna walitoka siku yao ya kwanza. Baba anatumika kwa sosiete ya sous-traitance, posti ya mchana wiki moja, ya usiku wiki ingine. Wako na watoto watatu. Waliweka franga pembeni miezi miwili. Wakafika. Ku mulango, zamu aliwauliza: «Munatafuta nani?» Hakuuliza hivyo watu wenye walishuka mu motokari mbele yao. Wakaingia, wakakaa. Karatasi ya vyakula ilikuwa na majina yenye hawakujua, na bei zote zilikuwa mu dola. Mama alisoma, akafunga ile karatasi pole pole, akasema: «Miye siko na njala. Batoto bakule.»

Wanawake wetu wanajua ile maneno. Ni maneno ya mama mwenye amefanya hesabu mu kichwa haraka kupita kalkileta, na akajitoa yeye mwenyewe ku hesabu.

Kijana mwenye kutumikia ku meza alikuwa mutoto wa Manika. Alisikia, akainama, akasema Kiswahili: «Mama, hii jina isikuogopeshe. Ni sawa maharagi, banaponda, banatia ndimu na kitunguu saumu. Munakula bote na mukate, mu sahani moja.» Alileta sahani mbili za vile, nyama ya kuchoma sahani moja, na mikate. Mama alivunja mukate, akachovya, akaonja. Akasema: «Kumbe ni sawa bukari na mboga.» Wakakula wote watano, na yeye ndani.

Yule mama alisema kweli kupita vitabu vya wapishi. Meza ya Walebanoni imetengenezwa kwa kukula pamoja. Wanaita meze: sahani ndogondogo nyingi zinawekwa katikati, na kila mutu anakata mukate mwembamba wa muviringo, anachota kwa mukono. Humusi ni pois chiches zenye kupondwa na ufuta, ndimu na kitunguu saumu. Mutabali ni mbilingani ya kuchoma ku moto, kisha kupondwa vilevile. Tabule ni majani ya persili yenye kukatwa ndogondogo sana, na tomati, kitunguu, ndimu na ngano kidogo ya kuvunjwa. Falafeli ni vitumbua vya pois chiches ao vya fèves vyenye kukaangwa. Kafta ni nyama ya kusaga na persili na kitunguu, wanaichoma ku kijiti. Na kuko kuku yenye kulala mu ndimu na kitunguu saumu mbele ya kwenda ku moto. Mutu mwenye alikomaa mu nyumba yenye bukari inakaa katikati na mikono yote inakutana pale hana kitu cha kufundishwa. Haya ya kanya na kisu, yenye inakatazaka wengi kuingia, haina nafasi pale. Munawe mikono, mukule.

Sasa tusikie wenye kukataa, juu nao wako na sababu.

Wa kwanza wanasema: «Ni kuharibisha makuta.» Hatuwezi kuwacheka. Mu 2018 serikali iliweka mushahara wa chini kabisa kuwa 7 075 FC kwa siku, dola nne na kidogo ya wakati ule. Mutu wa ile hesabu, mutu wa sous-traitance mwenye kulipwa ku siku, hawezi kuambiwa na gazeti aende kukaa mu restora sawa mukubwa wa ofisi. Tufanye hesabu wazi. Tuseme sahani moja ya mutu mumoja ni dola kumi. Familia ya watu sita, kila mumoja na sahani yake: dola makumi sita, bila vinywaji. Ni franga ya bunga ya siku nyingi. Lakini tuseme familia ileile inaomba sahani tatu za katikati, sahani moja kubwa ya nyama, na mikate, na maji: hesabu inaanguka karibu nusu, na hakuna mwenye kurudi na njala. Vinywaji njo vinakulaka mufuko kupita nyama. Chunga pale.

Tena kuko mustari, na usirukwe. Kwanza nyumba ya kukodi, bunga, dawa, madeni. Kisha masomo: shule za musingi za serikali ni za bure tangu 2019, lakini secondaire, daftari na uniforme haziko bure. Kile chenye kubakia kisha hapo, hata kama kinakusanywa miezi mitatu, njo cha kutoka nacho. Hakuna kukopa. Mutu mwenye kukopa juu ya kukula mu restora anakula mwezi wenye haujafika. Na kama hesabu inakataa kabisa, nunueni chawarma mbili ku dirisha, mupeleke ku nyumba, mukate vipande, mutie na tomati na mukate wa duka, mukae wote ku meza yenu. Maana ni ileile. Sisi hatutetei viti vya restora. Tunatetea familia kukaa pamoja mbele ya kile mushahara umeleta.

Wa pili wanasema: «Tutapelekaje makuta yetu kwa wageni?» Tujibu bila chuki na bila kufumba macho. Tomati, kitunguu, ndimu na persili za ile jikoni, nyingi zinatoka ku soko, mu mikono ya bamama wetu. Wenye kukata ile persili na wenye kuosha sahani ni watoto wa kartie zetu. Na wale Walebanoni nao si watu wenye hawakuona taabu. Tangu mwisho wa 2019 banki za kwao zilifunga mikono, watu wakakosa kutoa akiba yao wenyewe, na franga ya inchi ikaanguka. Tarehe 4 mwezi wa nane 2020, bandari ya Beirut ililipuka, watu zaidi ya 200 wakakufa. Sisi wenye tuliona karatasi ya zaïre milioni tano inakataliwa ku soko, mwisho wa 1992 na mwanzo wa 1993, tunajua maana ya mutu kulala na makuta na kuamuka na karatasi tu. Wengi wao wako mbali na wazee wao, sawa vile wengi wetu tuko mbali na vijiji vyetu, juu ya kutafuta.

Lakini huruma haiondoe sheria. Yule kijana wa Manika, iko na kontra? Wanamulipia CNSS? Akiungua mukono ku mafuta, nani anamutunza? Mutu wa mine anajua ile maswali kupita watu wote, juu yeye mwenyewe anauliza kila siku ku kazi yake. Akikaa ku meza asisahau. Asimwite kijana kwa kupiga mulunzi. Amusalimie, amushukuru, amuachie kidogo kama iko nayo. Mufanyakazi akitumikiwa na mufanyakazi mwenzake, heshima itoke kwanza kwake.

Wa tatu hawasemi kwa sauti, lakini njo wako wengi: «Bibi akijua mushahara wangu, nyumba itaharibika.» Hapa tutasema wazi. Kodi ya kazi ya 2002 inaomba mwajiri amupe mufanyakazi karatasi yenye kuonyesha hesabu ya malipo yake. Tunaipigania ile karatasi. Sendika zinasimama juu yake. Bosi akikata franga bila kuelezea, tunapandisha sauti mpaka ku ofisi ya mukaguzi wa kazi. Halafu tunaikunja ile karatasi vizuri, tunaificha mu viatu vya kazi, ili mama wa watoto asiione. Ku mine tunaomba hesabu. Ku nyumba tunaficha hesabu. Namna gani?

Kodi ya familia, tangu irekebishwe mu 2016, haimuweke tena mwanamuke muolewa chini ya ruhusa ya bwana yake kwa kila jambo. Lakini hata bila kodi, ona mambo yenyewe. Mama mwenye hajui mushahara hawezi kupanga. Anaomba kidogo, juu anaogopa, ao anaomba mingi, juu anafikiri kuko mingi yenye kufichwa. Pande zote mbili kunatokea kelele. Mama mwenye kujua njo yule anasema: «Mwezi huu hatutoke, tulipe kwanza minerval ya mukubwa.» Tumeona nyumba zenye zilijengwa na mushahara mudogo wenye kujulikana, na nyumba zenye zilianguka na mushahara mukubwa wenye kufichwa.

Na kwa bamama tuseme neno moja. Chakula cha nje kisikuwe fimbo ya kumupigia baba: «Jirani alipeleka bibi yake, weye je?» Jirani hatujui alikopa kwa nani.

Wachimbaji wa mikono nao wanatusoma, na wao hawana siku ya mushahara. Mu Kasulo, kule Kolwezi, tangu kobalti ilionekana chini ya nyumba mu 2014, tulijifunza ginsi franga ya shimo inakuja: leo mingi kwa mara moja, kesho hakuna, juma lenye kufuata mutu anazikwa. Kwa mutu wa shimo, siku ya hatari ku mufuko ni ile ya kupata. Marafiki wanaongezeka ile saa ileile. Shauri letu kwake ni fupi: mbele ya meza ya marafiki, franga ipite ku nyumba. Ikishapita, na mama ameondoa yake ya bunga na ya dawa, muende wote, na watoto, mukakule. Kazi yenye mutu hajui kama atapanda tena kutoka chini inaomba watoto wakumbuke uso wa baba yao akicheka mezani, si uso wa baba akilala na viatu.

Kwa wenye restora tuko na maombi. Bei ziandikwe mbele ya mulango, na ziandikwe mu franga ya Kongo, ili mama afanye hesabu yake inje mbele ya kuingia, asiifanyie haya mbele ya watoto. Majina ya vyakula yaelezwe Kiswahili, mustari mumoja unatosha. Na zamu afundishwe: viatu vya mine na kitenge cha mama ni nguo za watu wenye kulipa. Mugeni haulizwe anatafuta nani. Anatafuta chakula.

Kwa sosiete za mine na za sous-traitance, ombi letu ni la zamani. Mulipe siku yenye mulisema. Familia haiwezi kupanga hata sahani moja ya humusi kama mushahara wa tarehe 30 unafika tarehe 12. Na sikukuu yenye munafanyia wafanyakazi mwisho wa mwaka, muite na wenye kuamuka saa kumi ya usiku kupika chakula cha posti: bibi zao. Nao wanatumikia ile shaba.

Kwa baba mwenye kusoma hii gazeti leo jioni, hatuombi mambo mengi. Mwezi huu, karatasi ya mushahara ikifika, iweke juu ya meza ya nyumba, mama asome, na mukubwa wa watoto kama ameshajua kusoma asome. Muandike pamoja: bunga, nyumba, dawa, masomo, madeni. Chini kabisa muache mustari mumoja mweupe, muandike: kutoka sisi wote. Kama franga ya ule mustari ni kidogo, muingojee ikomae. Siku ikifika, muende magaribi, mukae, mama aagize wa kwanza. Na akisema haiko na njala, musimuamini.